Kabureta inavuja: jua petroli inatokea wapi kabla hujafungua skrubu hata moja

Kama una gari ya zamani hapa Nairobi, iwe ni Datsun 1200 pikapu, Corolla KE70, Beetle, Land Rover ama Peugeot 504 ya mzee, kuna siku utafungua boneti na ukaribishwe na harufu ya petroli, uangalie kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, upate imelowa. Ukiuliza mtu atakwambia hiyo imekufa, shuka Grogan, pale kwa maduka ya vipuri, utafute ingine. Ngoja kwanza. Kabureta iliyokuja na gari yako ilipimwa jeti zake (vile vitundu vya kupitisha petroli) kwa injini hiyo hiyo, na ile mpya ya bei nafuu inayofanana nayo kwa macho mara nyingi hata haijapimwa kwa chochote, unaifunga halafu unaanza kutafuta kwa nini gari inamiss na inakula mafuta. Kuvuja mara nyingi kunatoka kwa kitu kidogo sana, sindano yenye uchafu, washa (kile kiduara cha kuziba) iliyochoka, paipu iliyokauka. Cha muhimu ni kujua inavuja WAKATI GANI. Ukishajua hiyo umemaliza karibu kazi yote, kwa sababu kila ugonjwa wa kabureta una saa yake.

Tuelewane kidogo vile inafanya kazi. Ndani kuna bakuli dogo la petroli, na ndani ya bakuli kuna floti, inafanya kazi kama ile ya tangi la maji la juu ya ploti: petroli ikipanda, floti inapanda, inasukuma sindano ifunge mlango, petroli ikishuka inafungua tena. Pampu inasukuma, sindano inazuia. Kukiwa na shida kwa huyo anayesukuma ama kwa huyo anayezuia, bakuli linajaa kupita kiasi na petroli inatafuta njia ya kutoka, ndo fundi anasema gari inaflad.

KABLA YA YOTE, MOTO

Hapa usiruke. Kwa Datsun 1200 na kwa Toyota za injini ya K, na hata Land Rover ya lita 2.25, manifoldi (mirija ya chuma) ya kuingiza hewa na petroli na ile ya eksozi ziko upande mmoja, kabureta imekaa juu ya eksozi, kwa hivyo tone linaloanguka linaanguka kwa chuma cha moto. Beetle nayo ina hatari yake: ule mrija wa shaba petroli inapoingilia kabureta umebanwa tu kwa nguvu, hauna nyuzi za skrubu, ukilegea unachomoka na petroli inamwagika karibu na distributa, ile inayogawa cheche, na gamba la injini ya Beetle limetengenezwa kwa aloi ya magnesi, kitu ambacho kikishika moto kuzima ni shida kubwa na maji yanazidisha.

Kwa hivyo fanyia kazi nje penye hewa, sio kwa gereji iliyofungwa, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unajikusanya chini sakafuni na kwa shimo la kukagulia gari. Angalia majirani pia, gereji nyingi zetu ziko mita chache kutoka kwa mtu anachoma mahindi ama anachomelea vyuma, mwombe fundi wa welding asimame kidogo ama usogeze gari. Fire extinguisher ya poda iwe karibu na mkono, sio ndani ya buti. Kumulika tumia tochi, kamwe usiwashe kiberiti. Na wakati hauhitaji kupiga stata toa terminali ya negativu ya betri. Kama petroli inamwagika kwa wingi, yaani inatiririka, usijaribu hata kuiwasha ili uone, zima, sukuma gari, fungua ikiwa baridi.

HATUA YA 1: OSHA, KAUSHA, PAKA PODA

Kabureta chafu haiwezi kukuambia kitu. Petroli ikitoka inakauka haraka, inabaki alama ya kahawia, na ile alama unayoona leo inaweza kuwa ya miaka mitano iliyopita, ya fundi mwingine kabisa. Injini ikiwa baridi ziba mdomo wa kabureta na kitambaa safi kisicho na nyuzi, osha nje yote na brashi na brake cleaner ama degreaser, mpaka uone rangi ya chuma, halafu acha ikauke. Kama una kompresa pulizia, lakini usielekeze hewa ya nguvu kwa mashimo madogo, utaumiza floti ama diaframu, ule utando mwembamba wa pampu.

Ikikauka, chukua poda ya mtoto, ile ya kawaida, nyunyizia kidogo sana kwa nje, kwa viungo vyote, chini ya kifuniko, kwa nati ya paipu, kwa kifuniko cha pampu ndogo ya akselereta (ile inayoongeza petroli ukikanyaga), kwa shafti ya throtoli. Mdomo wa kabureta bado umezibwa, poda isiingie. Petroli ikianza kutoka, poda inageuka rangi pale pale inapoanzia, na hapo ndo unaona chanzo badala ya kuona mahali tone lilipoishia. Hii ni muhimu kwa sababu petroli inatembea, inaweza kuanzia kwa nati ya juu ikatelemka mpaka chini ya bakuli na ukalaumu gasketi bure. Tandika pia tishu nyeupe ama gazeti chini.

Kitu kimoja hapa: kama doa linabaki na utelezi kama mafuta hata baada ya muda mrefu, fikiria ulichotiwa kwa tangi. Petroli safi inapotea yenyewe, iliyochanganywa na mafuta taa haipotei haraka. Mchezo huo ulisumbua hapa kwetu mpaka serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili kuchanganya kusiwe na faida.

HATUA YA 2: ANGALIA MARA NNE

Hii ndo roho ya kazi yote, usiikimbize.

Mara ya kwanza ni asubuhi, gari imelala, haijaguswa. Kama poda imelowa usiku na injini haikuwaka, basi petroli imetoka kwa bakuli lenyewe kupitia mahali palipo CHINI ya kiwango chake: skrubu ya kumwaga bakuli, plagi za shaba zinazofunika jeti, diaframu ya pampu ndogo kwa zile kabureta ambazo imekaa chini, ama kwa kabureta za SU za kina Mini na Morris Minor, ule mpira unaoziba pale mrija wa nailoni unapoingia chini ya bakuli. Hizi ni shida ndogo, washa mpya ya fibre inamaliza nyingi. Ila usizikaze kwa hasira, hicho chuma cha kabureta ni laini, ukiharibu nyuzi umejiongezea kazi.

Mara ya pili ni wakati wa stata na injini ikinguruma bila kukanyagwa. Toa airfilta, washa, na uchungulie mdomoni kwa pembeni, usiinamishe uso juu yake kabisa kwa sababu injini inaweza kurudisha moto. Injini ikiwa imetulia hivo hakufai kuwa na petroli inadondoka kutoka kwa ule mrija mkubwa wa katikati. Ikidondoka, bakuli limejaa kupita kiasi. Dalili zingine zinakuja pamoja: moshi mweusi, plagi za cheche nyeusi kavu kama masizi, gari inakataa kuwaka ikiwa moto mpaka ukanyage mafuta yote. Na hapa sikiza vizuri, kwa kabureta nyingi gasketi ya kifuniko cha juu iko JUU ya kiwango cha petroli. Petroli haifai kuifikia kabisa. Kwa hivyo ukiona kifuniko kimelowa pembeni, usikimbilie kununua gasketi, jiulize petroli ilifikaje huko. Watu wanabadilisha gasketi mara tatu na bado inavuja, na shida ilikuwa sindano toka mwanzo.

Mara ya tatu ni ukikanyaga. Injini ikiwa imezimwa, mtu akae ndani akanyage pedali pole pole mara kadhaa huku wewe unaangalia kile kifuniko kidogo chenye skrubu nne pembeni ya kabureta, kama yako inacho. Kama poda inalowa pale kila akikanyaga, diaframu ya pampu ndogo imepasuka ama imekauka. Ndani ya mdomo ni sawa kuona mchirizi mdogo wa petroli kila akikanyaga, hiyo ndo kazi yake.

Mara ya nne watu wengi hawaijui, na kwa Nairobi inadanganya sana. Umetoka jam ya Mombasa Road saa saba mchana, umefika, umezima. Baada ya dakika tano hadi kumi unachungulia mdomoni na unaona petroli inatoka ama inatoa mvuke, na harufu kila mahali. Injini ilipokuwa inanguruma haikuvuja. Hiyo ni joto. Injini ikizimwa hewa na petroli baridi vinaacha kupita, joto la manifoldi linapanda juu, petroli ndani ya bakuli inachemka na kujimwaga yenyewe. Na sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, vitu vinachemka mapema huku, hata maji ya chai yanachemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Gari ile ile Mombasa inaweza kukaa sawa. Hapa usiguse sindano. Tafuta ile spesa nene nyeusi inayokaa kati ya kabureta na manifoldi, na lile bati la kuzuia joto chini yake, mara nyingi fundi fulani wa zamani alivitoa akaona havina kazi. Virudishe. Angalia pia paipu ya petroli isiwe imelazwa juu ya injini.

Kuna na ile hali ya kutokuwa na uvujaji kabisa. Moshi mweusi upo, gari inakula, lakini poda imebaki kavu mara zote nne. Shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hivyo kabureta yenye jeti za usawa wa bahari inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Hapo dawa ni jeti na tuning.

HATUA YA 3: DIRISHA LA KIOO

Wenye Datsun na Toyota mna bahati. Kabureta za Hitachi za Datsun na Aisan za Toyota zina kijidirisha cha kioo pembeni ya bakuli, na alama ya mstari ama kidoti. Paki mahali sawa, acha injini ingurume, mulika. Petroli ikae kwa alama. Ikiwa juu ya alama, ama kioo kimejaa chote huoni mstari, umepata jibu bila kufungua kitu.

Kabla hujaendelea, chukua mpini wa bisibisi, ule upande wa plastiki, gonga kabureta kidogo pale paipu inapoingilia. Kama kiwango kinashuka baada ya dakika, sindano ilikuwa imeshikwa na uchafu. Usifurahie ukaenda zako, ule uchafu umetoka mahali, mara nyingi ni kutu ya tangi ama vipande vya paipu ya mpira inayooza ndani. Filta mpya, na uangalie tangi. Kama kuna petroli kidogo kwa tangi kila siku kwa sababu ya bei, uchafu wa chini unaweza kuvutwa.

Kabureta za kina Solex kwa Beetle ama 504 hazina kioo, nyinyi mtategemea kuchungulia mdomoni na hatua zinazofuata.

HATUA YA 4: USILAUMU SINDANO KABLA YA KUPIMA PAMPU

Sindano imetengenezwa kuzuia nguvu kidogo sana. Pampu nyingi za gari hizi, zile zenye mkono unaosukumwa na kamu ya injini, zinasukuma kama psi 3 hadi 4 (psi ni kipimo cha msukumo). Sasa kuna gari nyingi mjini ambazo pampu ya kwanza ilikufa na mtu akaweka pampu ya umeme iliyotolewa kwa gari ya injection, ile isiyo na kabureta, na hizo zinasukuma zaidi ya psi 40. Hakuna sindano ya kabureta itakayoshinda hiyo, hata ununue mpya kila wiki. Ukiona pampu ya umeme kwa gari ya kabureta, soma imeandikwa nini, ama mwombe fundi mwenye geji aunganishe T kwa paipu akupimie. Pampu ya umeme pia inarahisisha kutest: fungua swichi bila kuwasha injini, pampu ilie, na uangalie poda. Pampu za umeme za kabureta zipo, za psi chache, na kuna regyuleta ya kupunguza msukumo.

Ukiwa hapo chini angalia pampu yenyewe ya zamani. Ina katundu ka kupumulia, kakilowa petroli diaframu imepasuka. Na mbaya zaidi ni ikivujia ndani. Toa dipstiki, unuse. Kama kiwango cha oili kimepanda na kinanuka petroli, USIWASHE HIYO INJINI TENA mpaka umwage oili, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli haishikilii beringi, na mvuke wake ndani ya injini unaweza kulipuka. Hata kabureta inayoflad kwa muda mrefu inaweza kushusha petroli mpaka kwa oili, kwa hivyo nusa dipstiki kila mara, haijalishi umepata shida wapi.

HATUA YA 5: SASA UNAWEZA KUFUNGUA

Kama ushahidi umeelekea kwa sindano ama floti, fungua kifuniko. Piga picha kwanza kwa simu, kila paipu, kila springi, kila upande. Weka sinia nyeupe chini, kuna vibolu vidogo vya chuma na klipu ndogo ambazo zikianguka kwa changarawe zimeenda. Skrubu za Kijapani zinafanana na nyota ya kawaida lakini sio, zina mkato wao wa JIS, wa kiwango cha Japani, bisibisi ya nyota ya kawaida inateleza na kula vichwa vyake. Kama huna ya JIS, bonyeza kwa nguvu kweli unapozungusha, na tumia ile iliyojaa vizuri.

Floti itikise sikioni. Ukisikia maji maji ndani, imetoboka, inazama, haiwezi kufunga. Ya shaba ichovye kwa maji moto uliyotoa jikoni mapema na kubeba kwa karai, povu likitoka umeona tundu. Ya plastiki ikizeeka inanyonya petroli na kuwa nzito bila tundu lolote, linganisha na mpya kama unaweza.

Sindano iangalie ncha yake kwa mwanga. Ikiwa na mduara uliochimbika pale inapogusa siti yake, imeisha. Usijaribu kuisugua na msasa. Siti nayo huwa imefungwa na washa chini, na hiyo washa ikiwa imelegea petroli inapita pembeni ya sindano nzima nzima, kwa hivyo ijaribu na spana kwanza kama imekaza. Kutest, geuza kifuniko juu chini floti ilalie sindano, weka paipu safi kwa mdomo wa kuingilia petroli, puliza pole pole. Hewa isipite. Inua floti kidogo na kidole, hewa ipite. Mtihani huu ni wa bure na hauongopi.

Kiwango kinarekebishwa kwa kupinda kale kaulimi ka chuma juu ya floti, kidogo kidogo, ama kwa unene wa washa chini ya siti kama Solex za Beetle. Kwa sababu hiyo usitupe washa ya zamani kabla hujapima unene wake na mpya.

Wenye Land Rover ya kabureta ya Zenith 36IV mna kitu chenu: kifuniko kinapinda kwa joto na kwa kukazwa sana, na kuna oringi (duara la mpira la kuziba) ndani kati ya kifuniko na ile bloku ya jeti, ikichoka petroli inapita ndani kwa ndani. Kwa nje hakuna tone, lakini gari inakunywa na kutoa moshi mweusi na poda haikuambii kitu. Laza kifuniko kwa kioo cha dirisha, ukiona mwanga chini yake, msasa laini juu ya hicho kioo, sukuma kwa duara mpaka kinyooke, na oringi mpya.

HATUA YA 6: VIPURI

Ukishuka Kirinyaga Road beba kile cha zamani mkononi, usiseme tu "boss nipe kit (seti ya vipuri) ya kabureta ya Datsun," kwa sababu ziko aina kadhaa na sindano zinatofautiana urefu. Ziweke pamoja kaunta hapo hapo. Gasketi ukikosa, fundi anaweza kukata karatasi ya gasketi inayovumilia petroli, ni sawa kabisa.

Silikoni hapana. Nasema kwa moyo wote, usikubali mtu yeyote apake silikoni kwa kabureta yako. Petroli inailainisha, inavimba, inakatika vipande, na vile vipande vinaenda moja kwa moja kwa jeti. Na ile paipu ya plastiki ya kuona ndani ama mpira wa maji pia hapana, inakauka na kupasuka. Nunua paipu iliyoandikwa ni ya petroli na klipu za skrubu, kata zote za zamani, hata kama ni moja tu inavuja.

HATUA YA 7: RUDIA MTIHANI

Ukifunga kaza skrubu za kifuniko kwa msalaba, kidogo kidogo, sio moja mpaka mwisho. Jaza bakuli kwa stata bila kuwasha, chomoa waya wa koili, angalia kama ni kavu. Kama dipstiki ilikuwa inanuka, badilisha oili kwanza kabla ya kuwasha. Halafu poda tena na zile mara nne tena. Peleka gari mpaka ipate moto wa kweli, panda Limuru urudi, paki, zima, subiri dakika kumi na uchungulie. Asubuhi yake angalia tishu ya chini. Ikiwa kavu toa plagi uzisugue zile masizi, na ndo sasa ufanye tuning ya skrubu ya hewa, kwa sababu kabureta iliyokuwa inaflad ilishafungwa fungwa na kila fundi aliyejaribu kupunguza moshi, na sasa itahitaji kufunguliwa kidogo ili ingurume sawa.